Jibu: Kidole gumba cha mguu kinauma nikichuchumaa, mazoezi yatasaidia?

Pole mkuu. Kama maumivu yangekuja ghafla usiku, kiungo kikavimba, kikawa chekundu na cha moto kiasi kwamba hata shuka likigusa unaruka, ningekwambia hiyo inafanana na gauti (ugonjwa wa viungo unaoletwa na asidi ya yuriki kuzidi mwilini), wahi hospitali. Vilevile ukiwa na kisukari na una ganzi au kidonda, mazoezi weka kando kwanza.

Ila umesema kinauma ukichuchumaa na ukipanda ngazi, asubuhi kimekaza, na juu ya kiungo kuna kinundu kigumu. Hapo nashuku gegedu (utando laini unaofunika ncha za mifupa) la kiungo cha shina la kidole limeanza kusagika. Kutembea vizuri kunataka kidole kikunjike kwenda juu nyuzi 60 hivi. Kisipofika, unaanza kukanyagia pembeni bila kujijua, na baadaye goti nalo linalalamika.

Mimi mtaalamu wa fiziotherapia alinianzisha hivi: kaa, pandisha mguu juu ya paja la pili. Mkono mmoja ushike mguu nyuma ya kiungo, mwingine uvute kidole taratibu kwa urefu wake, kisha ukikunje juu hadi kivute, si hadi kiume. Sekunde 30, mara 3. Nyosha na misuli ya kigimbi ukutani.

Viatu ndivyo wengi wanavyopuuza. Ndala inayokunjika kama chapati iache. Tafuta soli ngumu, mbele papana. Kinundu chenyewe hakiondoki kwa mazoezi wala mafuta ya kuchua, usiliwe hela. Wiki 6 zikipita bila nafuu, kapige eksirei.