Barua kwa mwanangu: aya ya 5 haisomwi peke yake

Mwanangu,

Waalaykumu salaam. Umeniuliza umjibu nini rafiki yako aliyekutumia video ya mtu anayesoma aya ya 5 ya Suratut Tawba, ile ya kuwaua washirikina (wanaomshirikisha Mwenyezi Mungu) popote wapatikanapo, kisha akadai kulipua watu sokoni ni ibada. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kujibu.

Fungua msahafu, soma kuanzia aya ya 1 hadi ya 13 bila kuruka. Aya ya 4 inawatoa washirikina waliotimiza mkataba wao: nao watimiziwe mpaka muda uishe. Ya 6 yasema mshirikina akikuomba hifadhi umpe, asikie maneno ya Mwenyezi Mungu, kisha umfikishe mahali pake pa amani. Itazame hiyo vizuri. Haikuambia umwache aende zake; imekuambia umfikishe. Ya 13 inawataja wanaopigwa vita: waliovunja viapo, na wao ndio walioanza. Sababu inajulikana. Mkataba wa amani wa Hudaybiya kati ya Mtume na Makureshi wa Makka, mwaka wa 6 wa Hijra, ulikuwa wa miaka 10. Haukumaliza hata 2: kabila la Banu Bakr, wakisaidiwa na Makureshi, waliwashambulia kabila la Khuza'a waliokuwa upande wa Mtume (s.a.w.).

Huenda rafiki yako akakwambia aya ya 5 imefuta hukumu ya aya zote za amani. Usibishe kwamba hakuna wafasiri wa kale waliosema hivyo, wapo. Ila Tabari, mfasiri mkubwa wa kale, aliikataa kauli hiyo kuhusu aya ya 8 ya Suratul Mumtahina, inayoruhusu kuwatendea wema na uadilifu wasiowapiga vita Waislamu. Tena suala la kufutwa aya halimhalalishii mtu kuua wanawake na watoto. Katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim, sahaba Ibn Umar anasimulia kwamba mwanamke alikutwa ameuawa vitani, Mtume akakataza kuua wanawake na watoto. Khalifa Abubakar naye alipolipeleka jeshi Sham (nchi za Syria) alimwagiza kamanda wake Yazid bin Abi Sufyan mambo 10, yamo katika Muwatta, kitabu cha hadithi cha Imam Malik: asiue mwanamke, mtoto wala mzee mkongwe, asikate mti wenye matunda, asichinje kondoo wala ngamia ila kwa kuliwa. Kondoo ana haki yake vitani, seuze mtu aliyekwenda sokoni kununua chakula!

Na huyo anayejifunga bomu, aya ya 29 ya Suratun Nisaa imemkataza kujiua. Hadithi sahihi yasema ajiuaye kwa chuma, chuma hicho kitakuwa mkononi mwake Motoni, akijichoma nacho tumboni.

Umesema pia rafiki yako amekuomba usituambie wazazi. Hilo limenishtua kuliko video. Mtu mmoja alimwendea Mtume kuomba ruhusa ya jihadi. Akaulizwa kama wazazi wake wako hai. Akasema ndiyo. Akaambiwa jihadi yake ni kwa hao.

Usimtukane wala usimtenge, maana kijana aliyetengwa hubaki na wale waliomtumia video. Mwite msome aya hizo 13 pamoja, mbele ya mwalimu anayejua tafsiri. Lakini akianza kutaja siku na mahali, kusoma kumekwisha: nipigie saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane, tutoe taarifa polisi kabla hajatoka kwao.

Mamako