Sedani yenye tabo ukiwa Mtwara: hesabu ya kufanya kabla ya kununua

Kwa miaka sita sasa ninamiliki Subaru Legacy B4 ya lita 2.0 yenye tabo, toleo la mwaka 2005. Muda wote huo makazi yangu yamekuwa Mtwara mjini, na kazi yangu hunitaka nifike Lindi angalau mara moja kwa wiki. Kila msimu wa korosho, fedha zinapokuwa mikononi mwa watu, hunifuata vijana na hata watu wazima wakitaka kujua kama gari la namna hii linafaa kununuliwa, na ni lipi kati ya yale wanayoyaona mtandaoni ambalo ni imara kuliko mengine. Swali lao ni la haki. Tatizo ni kwamba wengi huanza na nguvu za farasi na bei ya kununulia, ilhali huku kusini mambo yanayoamua kama utalifurahia gari lako au utaliegesha chini ya mwembe ni oili unayoitia na umbali wa zaidi ya kilomita 550 uliopo kati yetu na maduka ya spea ya Dar es Salaam.

Ni vyema kwanza kuelewa tabo inavyofanya kazi, kwa sababu gharama zote zinatokana na hapo. Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha feni ndogo ya chuma. Feni hiyo imeunganishwa kwa shafti na feni nyingine inayosukuma hewa kwa nguvu kuingia kwenye silinda, na kadiri hewa inavyozidi ndivyo petroli nyingi zaidi inavyoweza kuchomwa na injini ndogo ikatoa nguvu ya injini kubwa. Shafti hiyo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, huku upande wa moshi ukifikia nyuzi za Selsiasi 800 na zaidi, na kinachoizuia isisagike ni utando mwembamba tu wa oili. Oili ikichoka au ikipungua, tabo ndiyo inayoumia kabla ya kitu kingine chochote.

Hilo nililijua kwa gharama kubwa. Kabla ya Legacy nilikuwa na Toyota isiyo na tabo, ambayo niliizoea kuifanyia sevisi kila kilomita 10,000 bila kuona tatizo, nami nikaendelea na mazoea hayo hayo. Mwaka wa pili, nikitoka Dar es Salaam, nilipokwisha kupita Nangurukuru nilianza kusikia mluzi mwembamba kutoka mbele, ukipanda na kushuka kwa kufuata mguu wangu kwenye mafuta. Baada ya muda si mrefu nguvu zilikatika, na katika kioo cha nyuma nikauona moshi wa bluu umetanda barabarani. Nilizima gari, nikatafuta lori la kulibeba hadi Lindi.

Fundi aliyelipokea hakuanza na tabo. Alifungua kwanza bomba jembamba linalopeleka oili kwenye tabo, akatoa bolti yenye tundu katikati, na ndani ya bolti hiyo akavuta kichujio cha waya kisichozidi ukubwa wa ncha ya kidole cha mwisho. Kilikuwa kimeziba kwa tope jeusi zito kama lami. Alilikwangua kwa ukucha, akaupaka uchafu ule kwenye kiganja chake ili niuone vizuri, akaniambia, “Kaka, tabo yako imekufa kwa kiu.” Tabo ya mtumba kutoka Dar es Salaam iligharimu shilingi 850,000, na nilipojumlisha usafirishaji wa gari, kazi ya fundi, gasketi, mabomba na oili ya kusafishia injini, hesabu ilifika 1,400,000. Sevisi nilizokuwa nimeziruka zisingefika hata laki nne.

Tangu siku hiyo ninamwaga oili kila kilomita 5,000 au kila baada ya miezi sita, lolote litakalotangulia, nikitumia ile ya sintetiki kamili, na kila sevisi ya pili fundi hukikagua kichujio kile. Ninanunua oili kwa muuzaji mmoja ninayemwamini na kopo hufunguliwa mbele yangu, kwa maana niliwahi kuuziwa kopo lenye nembo nzuri ambalo ndani mlikuwa na oili nyepesi kama maji. Vilevile, kila baada ya mwendo mkali, huiacha injini iungurume taratibu kwa dakika moja au mbili kabla ya kuizima, ili oili iliyomo kwenye tabo isiungulie humo. Kwa wanaopanda Newala kutoka upande wa Masasi jambo hili ni la lazima: ule mlima huipandisha tabo joto kali, na wengi wakishafika juu huzima gari hapo hapo ili washuke kuangalia bonde la Ruvuma.

Legacy ninayoisema ina mkanda wa taimingi, yaani ule unaolinganisha mwendo wa pistoni na valvu, unaopaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, pistoni hugonga valvu, na hapo injini hufunguliwa yote. Kwa kuwa gari hili huendesha magurudumu yote manne, tairi zake zinatakiwa zilingane kwa ukubwa na kwa kuchakaa. Anayebadilisha moja tu, kama tulivyozoea, anaiumiza difrensha ya kati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Jambo la tatu ni petroli. Injini hii ilitengenezewa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kiwango chake cha okteni, yaani uwezo wake wa kustahimili kulipuka mapema, hakishuki chini ya 96, na petroli dhaifu hulipuka kabla ya wakati wake ndani ya silinda, ikapiga pistoni na kuvunja kuta zinazoshika ringi. Ndiyo sababu sijawahi kuruhusu mtu yeyote aongeze presha ya tabo yangu kwa kompyuta, na sinunui petroli ya madumu barabarani hata taa ikiwaka.

Toyota Mark II iR-V na Verossa VR25, zote zikiwa na injini ya 1JZ-GTE ya lita 2.5, ndizo ninazoziona kuwa ngumu kuliko zote katika kundi hili. Bloku yake ni ya chuma cha kutupwa, silinda zake sita zimepangwa kwenye mstari mmoja, na fundi yeyote mzoefu wa Toyota hapa mjini anaweza kuifungua bila kubahatisha. Magari yenyewe hata hivyo yalitengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo kila bomba la mpira na kila waya una umri wa zaidi ya miaka 20, na hewa yetu yenye chumvi ya bahari haiuonei huruma waya uliochoka. Nyingi kati yake pia zimepita mikononi mwa vijana wa Japani wanaopenda kuteleza na magari, wakazibadilisha tabo, ekzosi na mfumo wa petroli. Ukipata ambayo haijaguswa, ni gari la kutunzwa. Ukipata iliyochokonolewa, unanunua matatizo ya mtu usiyemjua.

Sedani za Kijerumani huendeshwa kwa raha ambayo Legacy yangu haiifikii, nalisema hilo wazi. BMW 335i ya mwaka 2006 na kuendelea, yenye injini ya N54 na tabo mbili, ina nguvu za ajabu. Lakini pampu yake ya petroli ya presha kubwa ilisumbua kiasi kwamba nchini Marekani kampuni iliongeza dhamana yake hadi miaka 10 au maili 120,000. Pampu yake ya maji ni ya umeme na huweza kufa bila kutoa dalili. Na sevisi moja hula lita 6.5 za oili. Audi A4 ya lita 2.0 ya miaka ya 2008 hadi 2011 inajulikana kwa kula oili kupitia ringi za pistoni, na kikaza cheni chake cha taimingi kinahitaji kuangaliwa kabla hakijaachia. Mambo hayo yote yanatengenezeka ukiwa karibu na fundi mwenye kompyuta sahihi na spea. Jirani yangu mwenye sedani ya Kijerumani alikuwa akisubiri pampu kutoka Dar es Salaam mwezi Mei mwaka 2024, wakati mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara eneo la Somanga. Mabasi yalisimama, na gari lake likakaa gereji wiki tatu kwa ajili ya kifaa ambacho mtu wa Dar es Salaam angekifuata kwa bodaboda.

Kwa hiyo ninayemshauri anunue sedani yenye tabo ni mtu mwenye shilingi milioni mbili pembeni ambazo hazina kazi nyingine, na mwenye gari la pili au namna nyingine ya kufika kazini. Asiye na hivyo, na anataka tu sedani yenye nguvu kwa safari za Lindi na Masasi, ninamwelekeza kwenye Mark X ya lita 2.5 isiyo na tabo. Ile ya toleo la kwanza ina nguvu za farasi 215, inatumia cheni ya taimingi, na spea zake nyingi zinapatikana hapa hapa. Wengine hunijibu kwamba injini ya lita 2.0 hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 na ile ya lita 2.5 asilimia 10. Ni kweli, lakini tofauti hiyo hulipwa mara moja tu bandarini, na tabo moja iliyokufa inaweza kuimeza.

Aliyeamua kununua tabo licha ya hayo, aende kuliona gari asubuhi likiwa halijawashwa, na amwambie muuzaji mapema kwamba asilipashe moto. Moshi wa bluu gari linapowashwa baada ya kulala, au unapokanyaga mafuta baada ya kuungurumisha kwa dakika chache, ni oili inayoungua. Kisha injini ikishapoa, fundi afungue bomba la hewa linaloingia kwenye tabo na kuitikisa shafti kwa vidole viwili. Kucheza kidogo sana kwa upande ni kawaida. Ikicheza kwenda mbele na nyuma, au ncha za feni zikiwa zimekwangua ukuta, afunge bomba, amshukuru mwenye gari na kuondoka, hata kama bei imeshushwa.