Kingamwili zikishuka, kinga haijaisha
Pole na wasiwasi, dada. Umeuliza kama kingamwili (protini za damu zinazopambana na virusi) kushuka baada ya korona iliyokuja kama mafua tu kunamaanisha huna kinga tena. Hapana. Chembe nyingi zinazotengeneza kingamwili wakati wa ugonjwa hufa ndani ya miezi michache. Chache huhamia kwenye uboho wa mifupa na kuendelea kuzitoa kidogo kidogo. Mwaka 2021 watafiti wa St. Louis, Marekani, walizikuta chembe hizo humo kwa wengi waliougua kidogo, miezi 7 hivi baada ya kuambukizwa. Zipo pia chembe za kumbukumbu, zinazokikumbuka kirusi, ambazo kipimo chako cha kingamwili hakizioni kabisa. Ila kinachodumu zaidi ni kinga ya kutougua vibaya. Kuambukizwa tena inawezekana. Omikroni, aina moja ya kirusi cha korona, iliwaambukiza tena wengi. Mama yako mwenye kisukari, tafadhali, azungumze na daktari kuhusu chanjo.