Falsafa na mzani wa dagaa

Ndugu yangu, umeuliza falsafa itamfaa nini mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, wakati wenzake wanaacha mchanga kwenye gunia ili uzito upande. Anza na kipimo cha Kant, mwanafalsafa Mjerumani, cha mwaka 1785, cha kujiuliza ingekuwaje kama wote wangefuata kanuni yako: kila mchuuzi akifanya hivyo, nani atauamini mzani? Wengi hukosea hapa, wakidhani Kant anahesabu hasara. Hapana, anauliza kama kanuni yako inajiua yenyewe, maana hila huishi kwa uaminifu wa wengine. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, ndiye wa vitendo zaidi: tabia hujengwa kwa kurudia, basi chekecha kila gunia kabla ya kupima, hata mteja asipotazama.