Re: Nimwambieje mwanangu wa miaka 5 kuhusu saratani yangu?

Pole sana dada. Unauliza umwambie ukweli, au useme tu "mama ana homa" kama bibi yake anavyotaka. Nilipitia hayo na wifi yangu, na kwa heshima zote kwa bibi, homa hapana. Siku mtoto akipata homa ya kweli atadhani naye nywele zitamtoka.

Taja jina lenyewe, saratani. Mwambie haiambukizi, mnaweza kukumbatiana na kula sahani moja. Na hata asipouliza, mwambie si yeye aliyeisababisha. Watoto wa umri huo hujilaumu kimyakimya. Wetu, mtoto wa wifi, aliamini ni lile teke alilompiga mama yake kifuani wakicheza! Tuligundua baada ya miezi.

Nywele mara nyingi huanza kutoka wiki 2 hadi 4 baada ya dozi ya kwanza ya kemo (dawa kali za kuua seli za saratani), basi mwambie mapema, na kwamba kwa kawaida huota tena. Akiuliza "utakufa?", usimwapie kwamba hutakufa. Sema madaktari wanakupa dawa kali, na kukiwa na jipya utamwambia.

Akikimbilia mpira katikati ya maongezi, mwache. Atarudi na swali lingine wakati unakaanga vitunguu.