Jahazi la marehemu baba na injini za mvuke za Uingereza

SWALI: Assalamu alaikum, Injinia. Sisi ndugu watatu wa Shela tumerithi jahazi la marehemu baba. Kikundi kimoja hapa Lamu kinataka kulitumia kwa safari za wageni, nasi tubaki wenye mali. Nimesikia reli za urithi za Uingereza, yaani reli za zamani zinazohifadhiwa na kupandwa na wageni, huendesha injini za watu binafsi kwa mpango kama huu. Wanaandikiana nini?

JIBU: Waalaikumu salamu, mwanangu. Kabla sijarudi Malindi nilifanya kazi miaka kadhaa katika karakana ya reli ya aina hiyo. Ugomvi niliouona kule haukuwa wa injini inayokimbia. Ulikuwa wa injini iliyosimama.

Sababu ni boila, chombo cha chuma kinachochemsha maji yawe mvuke. Kwa kawaida boila hufanya kazi miaka 10, kisha hushushwa kutoka kwenye fremu, mabomba yote yakatolewa na chuma kikapimwa unene. Mkaguzi huingia ndani ya tanuri akagonga kwa nyundo ndogo, moja baada ya moja, zile stei zinazoshikilia kuta zake. Iliyo nzima hulia kama kengele. Iliyokatika hutoa sauti ya mtungi wenye ufa. Mpaka aridhike, moto hauwashwi. Ukarabati huo hufika mamia ya maelfu ya pauni, na hapo ndipo watu huulizana: alipe nani?

Wana njia mbili. Ya kwanza, reli humlipa mwenye injini kwa kila siku inayowashwa au kwa kila maili, naye huiweka fedha hiyo kwa ukarabati ujao. Ya pili, reli hugharamia ukarabati, kisha huitumia injini miaka hiyo 10 bila malipo, au kwa malipo madogo. Kama hamna fedha mkononi, chagueni ya pili.

Alan Pegler, mfanyabiashara wa Uingereza, aliinunua Flying Scotsman, injini mashuhuri ya mvuke, mwaka 1963 kwa pauni 3,000. Mkataba wake na British Rail, shirika la reli la taifa la wakati ule, ulikuwa imara hata injini ikaendelea kupita njia kuu baada ya mvuke kusitishwa mwaka 1968. Mwaka uliofuata akaipeleka Marekani, fedha zikamwishia, akafilisika. Injini ikakwama California hadi mfanyabiashara William McAlpine alipoikomboa mwaka 1973. Kwa hiyo andikeni pia jahazi litarudi Shela kwa gharama ya nani mkiachana, na notisi ni ya muda gani.

Kazi za kila siku, kama kuosha boila na kutia mafuta, kwa kawaida hubebwa na reli. Kwenu, kukalafati, yaani kuziba mianya ya mbao, na kupaka deheni ya kuzilinda kuwe juu ya kikundi. Mkuku na mataruma, yaani uti na mbavu za jahazi, ni jambo zito zaidi: mleteni fundi wa majahazi wa Matondoni mnayemwamini nyote, akague kabla ya kutia sahihi, na alichokiona kiandikwe.

Vipuri visiwapite. Niliwahi kuona reli ikifunga injekta yake, kifaa cha kusukumia maji ndani ya boila, kwenye injini ya mtu. Siku ya kuondoka mwenye injini akaichukua injekta hiyo, wakanuniana miaka miwili kwa kitu cha kubeba mkononi. Orodhesheni mlingoti, foromali inayoshikilia tanga, tanga lenyewe, nanga, hata kamba, mpige na picha. Wakileta tanga jipya, iandikwe ni la nani.

Juu ya usalama, anayeendesha ndiye anayejibu. Fundi mkuu wa reli akisema injini haitoki leo, haitoki, hata mwenyewe awe amesimama stesheni na wageni wake. Nahodha wenu apewe neno hilo hilo, nanyi msimwingilie.

Mwisho ni ninyi watatu. Injini nyingi kule humilikiwa na kampuni ndogo au bodi ya wadhamini, maana watu hufa na hisa huhama. Mteueni mmoja awe msemaji, na mkubaliane mapema ikiwa mmoja atataka kuuza fungu lake. Mkitaka kuliweka wakfu, kadhi atawaongoza.

Nitumieni rasimu kabla hamjatia sahihi. Nitaanza na ukurasa unaosema nani analipa siku jahazi litakapokuwa limepandishwa ufukoni.