Vaskulitisi ya IgA: Madoa Yakipotea, Endelea Kupima Mkojo

Madoa ndiyo humpeleka mgonjwa hospitali, lakini figo ndizo huamua ugonjwa utaishia wapi. Wengi huacha kwenda kliniki ngozi ikishatakata, na kosa kubwa liko hapo.

Ugonjwa huu, ambao zamani uliitwa Henoch-Schönlein, hutokea pale kingamwili aina ya IgA zinapojikusanya kwenye kuta za mishipa midogo ya damu na kuifanya ivimbe. Mara nyingi huanza wiki 1 hadi 3 baada ya mafua au koo kuuma. Huwapata zaidi watoto wa miaka 3 hadi 15, ingawa mtu mzima pia anaweza kuupata.

Madoa hujaa miguuni na matakoni. Bonyeza glasi angavu juu yake: hayafifii. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo papasa kwa vidole, utahisi vivimbe vidogo vya zambarau au kahawia iliyokolea. Chembe sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda, huwa za kawaida, na hilo husaidia kutofautisha na magonjwa mengine ya kuvuja damu. Lakini mwenye madoa ya aina hii pamoja na homa kali, au anayeonekana mgonjwa sana, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, kwani maambukizi ya damu hufanana nayo.

Magoti na vifundo vya miguu huvimba na kuuma, kisha hupona bila kuacha ulemavu. Tumbo ndilo la kuogopwa mapema. Maumivu huja na kuachia, na wakati mwingine hutangulia madoa kwa siku kadhaa, hivyo daktari huweza kudhani ni kidole tumbo. Kinyesi chenye damu, matapishi ya kijani au maumivu yasiyoachia huenda yakamaanisha utumbo umejiingiza ndani ya utumbo. Hapo ni ultrasaundi bila kuchelewa. Mvulana akivimba korodani naye aonwe siku hiyohiyo.

Kwa maumivu, parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 6, inatosha wengi. Ibuprofeni iepukwe figo zikiguswa au utumbo ukivuja damu. Prednisoloni, dawa ya steroidi, hutuliza maumivu makali ya tumbo, ila haizuii figo kuugua. Msiipokee kama kinga.

Sasa figo. Damu na protini kwenye mkojo mara nyingi hazionekani kwa macho, ndiyo maana kijiti cha kupimia kinahitajika. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi: kila wiki kwa mwezi mmoja, kila wiki 2 hadi wiki ya 12, kisha mwezi wa 6 na wa 12, pamoja na shinikizo la damu. Athari nyingi za figo hujitokeza ndani ya wiki 4 hadi 6, na baada ya miezi 6 ni nadra. Protini ikizidi kupanda, mtaalamu wa figo huweza kuchukua kipande cha figo kukichunguza.

Watoto wengi hupona ndani ya mwezi mmoja hivi. Takriban theluthi moja hurudiwa, kwa kawaida ndani ya miezi 4, na safari hiyo huwa nyepesi. Mtu mzima ana hali ngumu zaidi: figo zake huguswa mara nyingi zaidi na huweza kudhoofika taratibu kwa miaka, hivyo ufuatiliaji wake uwe mrefu. Mwanamke aliyeugua utotoni amwambie mkunga mapema akipata mimba, ili mkojo na shinikizo vifuatiliwe hadi ajifungue.